Mbege ya Nyuzi Ishirini na Moja

Baba mdogo Eliakimu tulimzika mwezi uliopita kihambani kwake Machame, katikati ya migomba yake. Siku ya pili baada ya maziko, watu walipoanza kupungua, niliingia jikoni nikamkuta Anaeli, mwanawe wa kwanza, amekaa kwenye kigoda peke yake. Mama yake na mama yangu ni ndugu, kwa hiyo kwangu ni kaka tangu tukiwa watoto. Mkewe akatuletea mbege kwenye kata moja, tukawa tunapokezana. Mimi nilipoonja nilisema bila kufikiri kwamba imepitiliza, walioipika waliiacha juani. Anaeli akanitazama kwa macho yake mekundu, akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Upendo," akasema, "mzee amelala kaburini na wewe bado unapima pombe?" Nilicheka na mimi, kisha nikamwomba radhi marehemu kimoyomoyo, kwa sababu katika maisha yangu yote hakuna mtu niliyemkasirikia kama nilivyomkasirikia yeye mwaka ule wa mbege ya msamaha. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na nilikuwa na hakika kwamba najua kila kitu kinachofaa kujuliwa.

Mwaka ule nilikuwa Moshi mjini nikijifunza ushonaji, na chumba changu cha kupanga kilikuwa Pasua, ukuta kwa ukuta na cha Anaeli. Vilikuwa vyumba viwili vya bati lisilo na dari, milango inatazama machweo. Mwezi wa kwanza na wa pili, ukiingia mle saa tisa alasiri, hewa inakupokea usoni kama umefunua sufuria. Anaeli alikuwa mpagazi wa mlimani. Akipanda alikuwa anatetemeka kwa baridi siku sita, akishuka anakuja kulala ndani ya tanuri. Tulikuwa tunakula pamoja, ugali na dagaa mara nyingi, au machalari nikipata ndizi nzuri, na tukila hatukuzungumzia nyumbani kwao. Baba yake alikuwa amemfukuza. Mzee alilazwa hospitali wiki tatu kwa upasuaji wa ngiri, na aliporudi alikuta mibuni yote ya upande wa chini imeng'olewa, imepangwa kama kuni, na mahali pake pamechipua nyanya. Ile mibuni iliachwa na babu yake Anaeli. "Baba, ilikuwa imezeeka, ilikuwa kuni tu," ndivyo Anaeli alivyojitetea, na mpaka leo anasema angeuma ulimi badala ya kulitamka neno lile.  Mzee aliingia ndani, akatoka na begi la mwanawe, akaliweka nje ya uzio, akamwambia asikanyage tena pale. Mtu mzima anapokufukuza kwa kelele unaweza kungoja apoe. Huyu alifukuza kwa sauti ya kuombea chumvi.

Sasa kuna habari ya boksi moja. Anaeli aliwahi kumbebea mizigo mgeni mmoja, mzee mnene mwenye kupenda hadithi, na njiani akamsimulia habari za mbege. Yule mgeni akafurahi sana, akasema na yeye kwao hupika bia nyumbani, akaahidi kumtumia kitu. Anaeli alitegemea viatu vya mlimani. Kilichokuja posta ni ndoo nyeupe ya plastiki yenye kifuniko cha kubana, kopo la kimea kizito cheusi kama asali ya nyuki wadogo, paketi ndogo ya hamira, kidude cha plastiki cha kutia maji ambacho pombe hupumulia, na utepe mweusi wa kupimia joto unaobandikwa ubavuni mwa ndoo, namba zinawaka kijani. Na karatasi ya maelezo. Tulisoma pamoja, kamusi mkononi: changanya kopo na maji ya moto, ongeza maji baridi, tia hamira, funika, weka mahali penye nyuzi joto kati ya kumi na nane na ishirini na mbili. Tulifuata kila kitu isipokuwa hilo la mwisho, kwani mahali hapo tungepapata wapi? Ndoo ilikaa chini ya kitanda cha Anaeli, na utepe ukasoma thelathini na moja. Kile kidude kilibubujika usiku na mchana kwa siku mbili kama kinafukuzwa, halafu kikanyamaza. Tulipoonja baada ya wiki mbili, ilikuwa na harufu ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Kichwa kiliniuma kwa nusu glasi. Anaeli akamwaga nyuma ya choo, na mimi nikawa namtania kwamba mgeni wake alikuwa na kisasi naye.

Wakati huohuo mama mdogo, mama yake Anaeli, hakuwa amelala. Alikuwa amekwenda kwa wazee wa ukoo mmojammoja, na mwisho akampata mzee Ndelilio, mkubwa wao, akakubali kuweka siku: Jumamosi ya katikati ya mwezi wa pili. Anaeli angekuja na jani la isale mkononi, lile jani ambalo kwetu ukimshikia mtu hawezi kukukatalia kukusikiliza, na angekuja na pipa la mbege. Lakini mzee Ndelilio akaweka masharti. Ndizi zisitoke kihamba kile, kwa maana huwezi kumwomba mtu radhi kwa mali yake mwenyewe. Na mkono wa mama yake usiguse pombe ile, kwa sababu mama hawezi kuwa upande wa mkosaji na upande wa mkosewa kwa siku moja. Mama mdogo alikuwa mpishi wa mbege wa kusifika, watu walikuwa wanatoka Kalali na Nkwarungo kumfuata. Nilikuwa nimekaa naye miaka miwili nikimsaidia. Kwa hiyo macho yote yakageukia kwangu, na mimi nikajibu haraka, kwa majivuno, kwamba hilo ni jambo dogo. Nilikuwa nimeshafika mlango wa nje nilipokumbuka ile ndoo na zile nyuzi thelathini na moja.

Maana kila nilichokijua kuhusu mbege nilikijua kwa hesabu za mlimani. Unachemsha ndizi mbivu mpaka ziwe nyekundu kama udongo, unaziacha kwenye pipa siku nne zichachuke, siku ya tano unachuja maji yake, unachanganya na uji wa kimea cha ulezi uliotiwa gome chungu la msesewe, kesho yake watu wanakunywa. Siku nne. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba siku nne hizo ni za Machame, na kwamba baridi ya Machame ndiyo inayofanya nusu ya kazi. Jumapili iliyofuata nilibandua ule utepe kwenye ndoo ya mgeni, nikapanda nao nyumbani. Baada ya ibada nikaingia stoo ya mama mdogo, nikaufunga kwa selotepu kwenye pipa lake lililokuwa siku ya tatu. Akanifuma. "Mae! Upendo, umeleta kipimajoto kwa pombe yangu? Inaumwa?" Nikamwambia nataka kujua inakaa kwenye joto gani. "Si uniulize mimi? Weka kiwiko hapo." Nikaweka kiwiko kwenye ubavu wa pipa. "Unasikiaje?" Nikasema sisikii kitu, si baridi, si moto. "Basi ndiyo hiyo," akasema, "pombe nzuri haitakiwi kukwambia kitu." Utepe ukasoma ishirini na moja. Nikaiandika namba ile kwa kalamu kwenye kiganja.

Nikiwa bado mle stooni, baba mdogo akaingia sebuleni, upande wa pili wa mbao, na hakujua kama nipo. Nilimsikia akivuta kiti. Mkewe alikwenda kumpa chai, akamwambia taratibu kwamba vijana wanajiandaa. "Wajiandae," akasema. "Nimemkubalia Ndelilio kwa heshima yake. Lakini mimi nawajua watu wa mjini, watanunua siki huko Pasua waniletee kwenye pipa. Ikija imechacha siinywi. Nitaimwaga kwenye mgomba, mbele ya wazee, na huyo aliyeileta asije akauliza habari zangu hata siku nikifa." Nikasikia tu kijiko cha mama mdogo kikizunguka kikombeni muda mrefu kuliko sukari inavyohitaji. Nilitoka kwa mlango wa nyuma bila kuaga. Leo najua kwamba mtu anayeongea hivyo ni mtu aliyeogopa, lakini binti wa miaka ishirini na mbili aliyejificha nyuma ya mapipa hasikii hofu ya mzee, anasikia vitisho tu.

Halafu Anaeli akapata safari. Kukataa kazi hakukuwezekana, wangempa mwingine na msimu ungekuwa umekwisha kwake, kwa hiyo akapanda Jumapili akitegemea kushuka Ijumaa. Mambo yote yakabaki mikononi mwangu. Jumatatu nilichemsha ndizi uani tangu asubuhi, nikazimimina kwenye pipa, nikabandika ubavuni ule utepe niliorudi nao, nikalisukuma mpaka kona ya chumba isiyopigwa na jua. Jumanne asubuhi utepe ukasoma ishirini na saba, na siku ilikuwa bado haijaanza. Nikakimbia sokoni, nikarudi na magunia manne ya katani, nikalishonea pipa gauni, kweli gauni, na mshono wa pembeni wa kufungua ili niweze kusoma utepe. Nikaazima beseni kubwa la kuogeshea watoto, nikalisimamisha pipa ndani yake, nikajaza maji, nikayalowesha magunia kutoka juu. Mlango wazi, dirisha wazi, upepo kidogo ukipita. Gunia likinyonya maji na upepo ukilikausha, pipa linapoa. Kufika saa nne, ishirini na nne. Saa sita, ishirini na mbili. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikaitazama ile namba ya kijani kama mtu anayelinda mgonjwa. Chuoni sikwenda wiki ile. Mwalimu alinitumia ujumbe kuniuliza ninaumwa nini, nikamjibu kwamba nauguza.

Jumatano ilikwenda vizuri. Alhamisi asubuhi nilifungua bomba la uani, likakohoa, likatema kutu, likanyamaza. Nikajua mara moja. Maji ya Pasua yakikatika hayaagi. Nilikuwa na ndoo moja na nusu. Saa sita utepe ulisoma ishirini na tano, magunia yameanza kukauka kwa juu. Saa nane ishirini na saba, na nikainua kifuniko nikapata ile harufu inayopanda puani na kukaa machoni, harufu ya kwanza ya kuchacha, bado ndogo, lakini mtu aliyeinusa mara moja haisahau.  Nilimwaza Anaeli akishuka mlimani kesho yake akiwa na matumaini, nikamwaza mzee akiinamisha pipa zima kwenye mgomba huku wazee wakitazama miguu yao. Nikaenda mlango wa pili kwa Mama Rehema, mwanamke wa Kipare aliyeuza barafu za ubuyu kwa watoto wa shule. Nilikuwa nimemkwepa wiki nzima, maana ni mtu wa swala tano na uani kwetu kulinuka pombe. Nilisimama mlangoni kwake nikashindwa kuanza. Akaniuliza nani amekufa. Nikamweleza yote, mibuni, isale, baba, nyuzi. Alisikiliza huku akifunga vipakiti. "Mwanangu, pombe mimi siigusi, hilo unalijua," akasema. "Lakini barafu ni maji, na baba na mtoto kupatana ni thawabu. Lete ndoo." Akafungua friza lake, akanitolea vipakiti vyote vya siku ile, vyekundu vya ubuyu na vya kahawia vya ukwaju, na akanisaidia mwenyewe kuvipanga kwenye maji kuzunguka pipa, amejifunga kanga puani. Watoto wa shule walipokuja wakaambiwa leo hakuna. Ilipoadhiniwa magharibi utepe ukasoma ishirini na mbili. Nililia, na Mama Rehema akaniambia nisililie kwenye pipa.

Ijumaa nilichuja maji ya ndizi, yakatoka safi, yana utamu na ukali kidogo nyuma ya ulimi. Uji wa kimea nilioupika na msesewe ulikuwa bado wa moto na Anaeli alishafika, vumbi mpaka kwenye kope, akinihimiza nichanganye kwa sababu pickup ingekuja asubuhi na mapema. Nilimkatalia. Uji wa moto unaua ile chachu ya ndizi, na pombe inabaki maji matamu. Tuliuweka kwenye beseni la maji tukiukoroga kwa zamu, mpaka nilipotia kiwiko nikasikia hauniambii kitu. Jumamosi alfajiri pipa lilikuwa na povu jeupe la vidole viwili. Nikaonja mara tatu. Ilikuwa tamu, chungu, kali, kila kimoja mahali pake. Sijawahi kupika nyingine kama ile, na nimepika nyingi. Anaeli akaonja, akafumba macho. "Hii ni ya mama," akasema. Nikamwambia kwa ukali kwamba ni ya kwangu.

Wazee walikuwa saba, wamekaa kwenye mabenchi chini ya varanda, baba mdogo katikati, kanzu yake ya kanisani na koti juu. Tuliwaamkia mmojammoja. Anaeli akapiga magoti na jani la isale mikono miwili, akasema alichofundishwa kusema, na kufika kwenye mibuni sauti ikamkatika, akarudia. Mzee akalipokea jani. Hakumtazama. Mzee Ndelilio akachota mbege kwenye kata, akampa. Baba mdogo akanusa, akanywa funda moja, akalikalisha mdomoni. Kuku mmoja alipita katikati yetu na hakuna aliyemfukuza. Kisha akameza, akairudisha kata, akasema, "Haijaiva."

 Nilifungua mdomo, nikasema, "Baba mdogo, ime—" na mama mdogo aliyesimama nyuma yangu akanifinya mkono juu ya kiwiko kwa nguvu zake zote. Mzee Ndelilio alichukua kata, akaonja na yeye. Alinitazama mimi, akamtazama baba mdogo. "Kweli," akasema, "bado changa." Na wengine, ambao hawakuonja kabisa, wakatikisa vichwa kwamba ni changa, ni changa sana. "Pombe ya namna hii hainywewi ikiwa changa," baba mdogo akasema akiangalia uzio. "Na mwenye pombe haiachi. Ipelekwe ndani. Akae nayo mpaka iive." Wazee wakaahidiwa wataitwa, wakaondoka na kiu yao. Mimi nikaingia jikoni nikabamiza mlango, nikamwambia mama mdogo kwamba mume wake ni mwongo, nilitumia neno hilohilo, kwamba pombe ile imeiva, ilikuwa imeiva tangu alfajiri, na ikikaa mpaka kesho itaanza kuharibika. Alikuwa anamenya ndizi. "Wewe mtoto," akasema, "unajua kupima pombe tu? Leo akiinywa, jioni Anaeli yuko Pasua. Kunywa ni dakika moja. Mwache mzee."

Nilikaa kwa kununa, na kwa sababu sikuwa na la kufanya, niliwatazama.  Jumamosi walikula meza moja, mzee akamsukumia mwanawe bakuli la mchuzi bila neno. Jumapili baada ya ibada mzee alisimama uani akasema, kama anaiambia hewa, kwamba mbuzi hawana majani. Anaeli akachukua panga akaenda kukata. Jioni nikawaona wote wawili kule chini kwenye zile nyanya, mzee amechutama ameshika jani lenye madoa, akimwambia alizibananisha mno, nyanya inataka kupumua, na Anaeli amesimama nyuma yake anaitikia "ndiyo baba, ndiyo baba" kama mtoto wa darasa la pili. Kumbe mzee alikuwa anazimwagilia muda wote ule. Nilikuwa bado na hasira, lakini ilikuwa imeanza kunilegea mikononi. Stooni, pipa langu lilikuwa likisoma nyuzi ishirini, baridi nzuri, isiyofaa kitu tena, maana mbege iliyokwisha kuchanganywa haingoji mtu kwa baridi yoyote. Jumatatu asubuhi nilisikia harufu yake kabla sijafungua mlango.

Wazee waliitwa saa kumi jioni. Nilipofunua pipa, wazee wawili waliokaa karibu walirudisha nyuma vichwa. Povu lilikuwa limezama, juu kuna utando, na ukali wake ulikuwa wa kukamulia macho. Nilitaka ardhi inimeze, ingawa nilijua si kosa langu. Mzee Ndelilio alichota kata ikajaa, akaisitisha hewani, akamwangalia baba mdogo kana kwamba anamuuliza ana hakika. Mzee akaipokea kwa mikono miwili. Aliinywa kwa mkupuo mmoja, koromeo likipanda na kushuka, machozi yakimtoka pembeni mwa macho, mpaka alipoigeuza kata chini na tone likakosekana. Akapangusa mdomo kwa kiganja. Akaijaza tena mwenyewe, akaisogeza kwa Anaeli, na sasa alikuwa anamtazama usoni.

"Sasa imeiva," akasema. "Kunywa, mwanangu."

Hakuna mzee hata mmoja aliyebisha.